Cha mvunguni sharti uiname: acheni kupiga mbwa wetu picha kwa juu

Vijana wenzetu wa Nakivale, na nyinyi wa Kyaka, Rwamwanja, Kyangwali na kokote mnakosoma, sikilizeni. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika wenye mko ndani ya makundi haya, msipite haraka. Leo tuko na neno kwenu pia.

Tuseme wazi: picha za mbwa zenye tunatumiana ni mbaya. Simu za bei ya chini hazina kosa. Kosa ni la mpigaji mwenye hakutaka kuinama.

Ziko za aina tatu, na kila mmoja wenu anazijua. Ya kwanza: mbwa mwembamba amelala kwenye vumbi, aliyempiga picha amesimama, kivuli chake kimefunika nusu ya mbwa. Chini mtu ameandika "maisha ya kambini" na emoji za kucheka. Ya pili: mbwa amefungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa fimbo mpaka meno yatoke, halafu picha inatumwa na maneno "huyu ana kichaa, chungeni". Ya tatu ni ya wageni: mtoto wetu na mbwa wetu pamoja, wote wanaangalia juu kwa mtu mrefu mwenye kamera, na hakuna jina la mtoto wala la mbwa.

Picha hizi tatu zina ugonjwa mmoja. Zinatoka juu kwenda chini. Na sisi, jamani, tunajua vizuri kuangaliwa kutoka juu kunafananaje.

Kuna wenye watasema: mgao umepunguzwa, watu wanalala njaa, nyinyi mnatuletea habari za mbwa? Eti picha za mbwa ni mambo ya Wazungu wenye mbwa wao analala kwenye kochi. Hoja hiyo tunaisikia kila siku, na hatuikubali.

Kwanza, mbwa hatukufundishwa na Mzungu. Huko kwetu Kongo wawindaji walimfunga mbwa kengele ya mti shingoni wapate kumfuata msituni. Wale mbwa wanaoitwa Basenji, wenye dunia inawashangaa kwa sababu hawabweki kama wengine, asili yao ni Kongo. Na hapa kambini nani analinda mbuzi usiku? Nani anafukuza nyani kwenye mahindi? Mama mwenye analala peke yake na watoto, mlango wake ni shitingi, ni nani anamwamsha mgeni asiyejulikana akikaribia? Askari yuko mbali. Mbwa yuko mlangoni.

Pili, na hili ndilo kubwa, picha mbaya ya mbwa inaweza kuua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, mgonjwa karibu hana njia ya kupona. Lakini kuukinga kunawezekana: mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita.

Sasa angalieni ile picha ya pili inavyofanya kazi. Imetumwa saa mbili usiku. Saa tatu iko kwenye makundi kumi. Asubuhi watoto wanabeba mawe. Mbwa mwenye alikuwa amechanjwa anauawa, na mahali pake anakuja mwingine mwenye hakuna anayemjua. Kuua mbwa ovyo hakujawahi kumaliza kichaa, wataalamu wamesema hivyo kwa miaka. Kinachomaliza ni chanjo, na siku ya chanjo mwenye kuleta mbwa ni yule mwenye anamjua kwa jina na haogopi kumshika. Picha nzuri inamfanya mbwa ajulikane. Picha mbaya inamfanya awe adui wa kila mtu.

Ndiyo maana tunasema kupiga mbwa picha vizuri ni kazi ya jamii, kama kuchimba mfereji wa maji machafu.

Haya, vizuri ni namna gani? Wazee walishatuambia: cha mvunguni sharti uiname. Piga magoti. Lala kifudifudi kama vumbi linakubali. Lenzi ikae kwenye kimo cha macho ya mbwa. Fanya jaribio leo: piga picha ya kwanza ukiwa umesimama, ya pili ukiwa umepiga magoti, mbwa yule yule, dakika ile ile. Ya kwanza itakuonyesha mgongo, masikio na udongo mwingi. Ya pili itakuonyesha mtu fulani, yaani mbwa mwenye ana mawazo yake.

Aliyeonyesha dunia jambo hili alikuwa mtoto wa wakimbizi. Elliott Erwitt alizaliwa Paris mwaka 1928, wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi. Alikulia Milan, Italia, na mwaka 1939 familia yake ilikimbilia Marekani. Alikuja kuwa mpiga picha mkubwa, na kwa miaka mingi alipiga mbwa. Mwaka 1974, New York, alishusha kamera mpaka karibu na ardhi. Katika picha hiyo tunaona kijibwa kidogo kimevaa kofia na sweta. Pembeni yake ziko buti za mwanamke, na miguu mirefu miwili ya mbwa mwingine mkubwa sana. Hatuoni uso wa mwanamke wala kichwa cha mbwa mkubwa. Kwenye picha hiyo mwenye cheo ni kile kijibwa. Erwitt alifariki mwaka 2023 na picha ile bado inachekesha watu, lakini hakuna anayemcheka mbwa. Mnaona tofauti? Unaweza kuchekesha bila kudharau.

Tuendelee na mwanga. Saa sita mchana jua liko kichwani, macho ya mbwa yanakuwa mashimo, vumbi linang'aa kuliko yeye. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Kama ni lazima mchana, mpeleke kivulini, chini ya mwembe au mlangoni, uso wake uelekee kwenye mwanga. Safisha lenzi kwanza kwa kitambaa laini. Simu inayokaa mfuko mmoja na unga wa posho itakupa ukungu, halafu utalaumu kampuni ya simu. Usivute kwa vidole ili mbwa awe mkubwa, picha inaharibika. Sogea wewe. Ila usimwekee simu puani kabisa, pua itakuwa kubwa kama kiazi na macho madogo.

Gusa skrini mahali pa jicho lililo karibu nawe. Macho yakiwa safi, hata mkia ukiwa na ukungu picha imesimama. Macho yakikosa, hakuna kilichobaki.

Mbwa mweusi ana kesi yake. Kamera inataka kila kitu kiwe na mwanga wa kati. Ukimweka mbwa mweusi mbele ya shitingi nyeupe, inashughulikia shitingi, na mbwa anageuka shimo jeusi lenye ulimi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalijua shimo hilo. Tumeshaona picha zetu za mafunzo na mikutano ambapo mgeni anaonekana mpaka vinyweleo na sisi tumebaki meno. Dawa ni moja kwa mbwa na kwa watu: weka nyuma yake kitu kisicho cheupe sana, gusa uso wake kwenye skrini, halafu ongeza mwanga mpaka manyoya yaonekane. Ni sekunde tano tu. Mwenye hana sekunde tano za kuonyesha uso wako, ujue uso wako hakuuhitaji.

Flashi zimeni. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unamsaidia kuona gizani. Ukimulika, macho yanatoka kijani au njano kama ya jini. Halafu picha hiyo inazunguka na maneno "mbwa wa wachawi". Hakuna uchawi hapo. Ni flashi tu.

Akikimbia, tumia ile namna ya simu ya kupiga picha nyingi mfululizo, na usogeze simu pamoja naye. Utafuta kumi na tano, utabaki na moja. Hiyo moja inatosha.

Sasa turudi kwa wale wa fimbo. Nyinyi mnasema mbwa akionyesha meno picha ina nguvu. Hiyo ni nguvu ya woga, na woga wa mbwa unasomeka kabla ya meno. Masikio yamelala nyuma. Mkia umeingia katikati ya miguu. Anapiga miayo na hana usingizi, analamba midomo na hakuna chakula, anageuza kichwa lakini weupe wa jicho unakufuata. Hapo anakuambia toka. Usipotoka atakuambia kwa meno, na wa kuumwa mara nyingi atakuwa mtoto aliyesimama karibu yako. Ikitokea, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Si kuweka mafuta, si kufunga majani, si kusubiri tuone. Na hakuna picha duniani yenye thamani ya hizo dakika 15.

Anayetaka picha ya kweli anafanya hivi: anaomba mwenye mbwa awepo. Hamwendei mbwa moja kwa moja huku akimkodolea macho, kwa mbwa huo ni ugomvi. Anakaa chini ubavu, anaangalia pembeni, anamwacha mbwa aje kunusa. Mwenye mbwa anashika kipande cha posho au kichwa cha samaki karibu na simu. Unatoa mlio mmoja mdogo kwa midomo, masikio yanasimama, unapiga. Mlio mmoja tu. Ukirudia mara kumi atakuona mjinga na ataenda zake, na atakuwa na haki.

Na watoto wa mbwa, hao ndio mnawaonea zaidi. Kijibwa hufungua macho akiwa na karibu wiki mbili. Kabla ya hapo muache na mama yake, hakuna picha ya kutafuta. Baadaye usimnyanyue kwa mguu wala kumning'iniza kwa shingo ili wenzako waone ukubwa. Muweke kwenye beseni lenye gunia kavu, karibu na mlango wenye mwanga, mama yake akiwa anaona. Watalala mmoja juu ya mwingine na utapata picha ambayo hata mwenye hapendi mbwa ataitazama mara mbili. Lakini andika umri wao. Tumeona picha tamu zinatumwa, watu wanakimbilia, na kijibwa cha wiki nne kinaondolewa kwa mama. Kabla ya wiki nane asiondoke. Anayeondolewa mapema anaugua upesi, na akipona mara nyingi anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye mbwa wa kuuma.

Kuna jambo lingine ambalo mafunzo ya picha ya huko nje hayalisemi, maana wao hawaishi kama sisi. Nyuma ya mbwa kuna watu. Wanasema angalia nyuma ya mbwa ili mti usionekane kama unaota kichwani. Sawa. Sisi tunaongeza: angalia nyuma ya mbwa kama kuna jirani anaoga, kama kuna mama ananyonyesha, kama kuna mtu mwenye alikimbia watu wanaomtafuta mpaka leo. Wako wengi kati yetu. Picha ya mbwa anayechekesha inaweza kufika kwa mtu asiyepaswa kujua kwamba fulani anaishi block ile, karibu na bomba lile. Basi sogea, badilisha upande, na uzime ile sehemu ya simu inayoweka mahali picha ilipopigwa. Ukiwa chini, kwenye kimo cha mbwa, mara nyingi nyuma yake ni ukuta, nyasi au anga tu. Kuinama kunalinda pia.

Na si kila jirani anapenda mbwa mlangoni kwake. Ndugu zetu Waislamu, Wasomali na wengine, wengi wao mate ya mbwa ni najisi na yakigusa nguo lazima zioshwe kabla ya swala. Usimfukuze mbwa mpaka uwanjani kwao kwa ajili ya picha, halafu useme wao ndio wabaya. Heshima tunayoidai kwa mbwa haiwezi kukosekana kwa jirani.

Sasa nyinyi wa mashirika, na wageni wenye mnakuja na kamera kubwa. Tunajua mnapenda mbwa. Tumeona picha za mbwa wenu kwenye simu zenu, mmetuonyesha wenyewe tukinywa chai. Ni picha nzuri sana. Mmelala chini kwenye zulia kuzipiga. Mbwa ana jina, mnatuambia anapenda nini, anaogopa nini, alizaliwa lini. Halafu mnatoka nje, mnasimama wima, mnapiga mtoto wetu na mbwa wetu kwa juu, kwa dakika moja, na chini mnaandika "mtoto mkimbizi". Hatuwaombi mtupende kuliko mbwa wenu. Tunaomba kile kile tu: magoti, muda na jina.

Msifikiri tunakuza jambo dogo. Machi 1993 gazeti la New York Times lilichapisha picha ya Kevin Carter kutoka Ayod, Sudan: mtoto mwenye njaa ameinama chini, na nyuma yake ndege tai anasubiri. Mwaka 1994 ilipata tuzo ya Pulitzer. Dunia nzima iliiona, na wengi walitoa msaada. Lakini gazeti liliandika kwamba yule ni msichana mdogo, bila jina. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, waandishi wa Hispania walienda kule na familia ikawaambia alikuwa mvulana. Picha iliyopata tuzo kubwa hivyo, na hakuna aliyeuliza hata kama ni wa kiume au wa kike. Njaa ilikuwa ya kweli, hilo hatulipingi. Tunachosema ni kwamba kuweka mtoto na mnyama kwenye fremu moja ni rahisi mno, na urahisi huo unamsahaulisha mtu kuuliza.

Kwa hiyo haya ndiyo tunadai kwenye makundi yetu, kuanzia wiki hii.

Kila picha ya mbwa ije na jina la mbwa. Mbwa wetu wako na majina mazuri kuliko ya watu: Sijali, Watasema, Jirani Mwema, Tutaonana. Jina la mbwa ni barua kwa majirani, msiinyime nafasi. Jina la mwenye mbwa liwekwe tu kama amekubali. Picha iseme kama amechanjwa au bado. Ambaye hajachanjwa apigwe picha mbili, uso na ubavu, ili siku ya chanjo wanaojitolea wajue wanamtafuta nani. Mbwa wa kuchokozwa, picha yake ifutwe na aliyeituma aulizwe. Anayehisi mbwa kweli ana kichaa, anatokwa mate, anayumba, anauma hata mti, asipige picha wala asimkaribie. Awaite watoto ndani na amwambie kiongozi wa block na watu wa mifugo.

Na picha yoyote ya kutoka juu, ya mbwa au ya mtu, tutairudisha kwa aliyeituma na neno moja: inama.

Wengine watacheka kwamba vijana wa kambi wamekosa kazi, wanagaagaa kwenye vumbi mbele ya mbwa. Wacha wacheke. Nguo zinafuliwa. Kijana mwenye amejifunza kusubiri dakika ishirini mpaka mbwa mwoga amwamini, kesho mpe kamera apige bibi mwenye hajawahi kupigwa picha isipokuwa ile ya kadi ya mgao. Atajua la kufanya. Ataanza kwa kukaa chini.